Miavuli Katika Jaruba la Mama

Watu wakiniuliza kwa nini mama yangu ameacha kulima mpunga, huwa nawajibu kwamba ni magoti. Jibu hilo halina mjadala. Kila mtu Chwaka ana mama mwenye magoti, kwa hiyo hutikisa kichwa, huniambia habari za mafuta fulani ya kuchua, na mazungumzo huishia hapo. Na kweli magoti yanamuuma, lakini yalimuuma miaka yote aliyolima na hayakuwahi kumzuia kuinama. Kilichomtoa bondeni ni mmea mmoja wa majini, na baada ya mmea, msamaha.

Mimi kazi yangu ni kufua. Nafua mashuka na mataulo katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, nyumba ya zamani ya mawe ambayo mwenyewe wa sasa ameipaka chokaa mpya na kuichimbia kibwawa katikati ya ua, ili wageni wapate cha kupiga picha wakati wanasubiri chai. Ndani ya kibwawa kulipandwa mmea mrefu wenye mashina membamba ya kijani yasiyo na fundo wala tawi, na kila shina juu limefunguka majani pande zote kama mwavuli. Sisi wafanyakazi tuliuita mwavuli, maana hakuna aliyetuambia jina lake. Nasikia ulinunuliwa bara, pamoja na vyungu vyake.

Siku moja mama alikuja mjini kuleta mikeka dukani. Mbali na mpunga alikuwa msukaji, na usukaji ulikuwa unamshinda, si kwa mikono bali kwa ukindu. Vichaka alivyokuwa akichuma vimekuwa viwanja, viwanja vimekuwa nyumba za kulala wageni, na ukindu wa kununua ulikuwa unafika umekauka na umekatikakatika. Alipita kunisalimia kwa mlango wa nyuma, nikamkalisha kwenye ngazi ya uani, nikamletea maji. Hakuyanywa. Alikuwa anautazama mwavuli.

Aliinuka akaenda kulibana shina moja kwa vidole.

"Hii ndago," akasema.

Ndago kila mkulima wa mpunga anaijua na kila mkulima anaichukia. Ni lile jani lenye shina la pembe tatu ambalo ukiling'oa leo, keshokutwa limerudi na ndugu zake.

"Ndago gani mama, imenunuliwa kwa pesa hiyo."

"Ndago. Lakini hii imepelekwa skuli."

Akalivunja shina, akalichana kwa ukucha kutoka juu hadi chini, likachanika nyuzi ndefu zilizonyooka. Nikamwona uso wake ulivyobadilika. Nimemwona mama yangu akifurahi katika harusi na katika uzazi, lakini furaha ile ya kuona kitu cha kusuka ni nyingine, ya peke yake, na humfanya aonekane msichana. Mtunza bustani wa hoteli, mtu wa Tumbatu na mkarimu, alipoombwa hakusita. Kwetu mtu akikuomba mche humnyimi. Ukimnyima, na wako hautastawi, ndivyo tulivyoambiwa toka utotoni. Akamchimbia fungu zima na mizizi yake. Mama akalitia katika ndoo ya rangi, akalifunika kwa kanga, akaondoka nalo kama mtu aliyebeba sufuria ya pilau.

Aliupanda pembeni mwa jaruba lake. Jaruba ni kile kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta ili maji yatuame, na bondeni kwetu majaruba yameshikana, moja chini ya jingine, yakipokea maji kwa mfereji mmoja unaoshuka toka juu. La mama lilikuwa karibu na kichwa cha mfereji. Lililofuata chini yake lilikuwa la shoga yake.

Huyu shoga lazima nimweleze. Walisoma Kurani chuoni pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, wakalima mwani pamoja mpaka mwani ulipoanza kuoza kwenye kamba kwa joto la maji, wakarudi kwenye mpunga pamoja. Mimi namwita khalati, yaani mama mdogo, ingawa hatuna damu moja. Alikuwa mjane na watoto wake hawakuwa na cha kumsaidia, kwa hiyo mpunga wa jaruba lile ndio uliokuwa chakula chake cha mwaka. Mama alikuwa na mimi, na mshahara wangu hata ukiwa wa kufulia ni mshahara. Khalati alikuwa na jaruba.

Msimu mmoja tu mwavuli ulikuwa kichaka. Mama alikata, akachana, akaanika juu ya bati, akasuka. Mkeka wa kwanza ulitoka mwepesi, wenye rangi ya chai ya maziwa, na ulishika zambarau na kijani vizuri kuliko ukindu. Wanawake wa bondeni walikuja kuushika. Kila aliyeomba mche alipewa, na wa kwanza alikuwa khalati. Wakawa wakitoka kupalilia wanakaa juu ya tuta, miguu imening'inia juu ya mfereji, wanakata mashina na kuyafunga matita. Mwavuli wenyewe, yaani kile kichwa cha majani cha juu, haufai kusukia. Basi walikuwa wanaukata na kuutupa mferejini, maji yakauchukua.

Hapo ndipo palipoharibikia, na kwa miaka nimejaribu kumtafuta wa kumlaumu nikamkosa. Mama zao walitupa magugu mferejini, na bibi zao pia. Takataka za ukindu huoza. Jani la mpunga huoza. Katika bonde lile kitu kilichochukuliwa na maji kilihesabiwa kimekwenda zake. Hakuna aliyejua kwamba mmea huu kichwa chake ndicho mbegu yake. Kwamba kikielea juu ya maji kifudifudi hutoa mizizi pale majani yanapokutana, na popote kitakapokwama huwa mmea mpya. Walikuwa wanacheka pale juu ya tuta, wanawasema waume, na huku wanapanda bonde zima.

Nakumbuka siku moja nilikuwa nimekaa nao. Vile vichwa vilikuwa vinashuka na maji vikizunguka polepole, vya kijani, vizuri. Khalati akasema hata takataka za shoga yake zinapendeza.

Masika yaliyofuata maji hayakushuka. Yalisimama juu, yakafurika majaruba ya mwanzo, na chini kukawa kukavu. Wanaume walioingia kuuzibua mfereji walikuta mizizi imesukana chini ya tope unene wa goti. Waliikata kwa majembe, na kila kipande kilichokatwa kikachipua. Kwenye majaruba ya chini miavuli ilikuwa imesimama katikati ya mpunga, mirefu kuupita, inautia kivuli. Bwana shamba alikuja, akavua viatu akaingia mwenyewe, akasema ing'olewe yote na mizizi, itolewe nje ya bonde, ichomwe, kisibaki hata kipande. Alisema kweli. Tatizo la kweli yake ni kwamba lilikuwa bonde zima, na wenye bonde walikuwa wanawake wa umri wa mama yangu. Habari ya dawa ya kupuliza ilizungumzwa pia, ikaachwa, kwa kuwa maji yale yale huenda visimani.

Jaruba la khalati ndilo lililokufa mwanzo. Lilikuwa linapokea kila kilichotoka kwa mama.

Khalati hakumgombeza mama. Ingekuwa nafuu. Walipokutana njiani alisalimia, akauliza hali ya watoto, akapita. Mama alianza kupunguza chakula chake mwenyewe bila kusema kwa nini.

Mwezi wa Shaaban ukafika mwisho. Kwetu Ramadhani haiingii mtu akiwa na kinyongo cha mwenzake, angalau mdomoni, kwa hiyo siku zile watu huzungukiana majumbani kutakana radhi. Wengi huifanya kama wanavyofanya salamu. Unasema nisamehe, unaambiwa nshakusamehe, unanywa maji unaondoka. Mama mwaka ule hakwenda kisalamu. Aliwapitia wote wenye majaruba chini ya lake, nami nikamfuata kwa kuwa nilikuwa na mapumziko. Wote walimsamehe. Wengine walimsamehe kabla hajamaliza kusema, huku macho yao yako kwingine, na nikajua kwamba tukitoka tu tutasemwa.

Khalati tulimkuta uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kukuna.

"Shoga, mwezi unaingia," mama akasema. "Nimekuja kukutaka radhi."

"Radhi ya nini?"

"Unayajua."

"Nnayajua. Nnataka uyaseme."

Mama aliyasema. Alisimama pale uani, mikono ameishika mbele kama mtoto wa chuoni, akasema mmea niliuleta mimi, mche nilikupa mimi, vichwa nilivitupa mimi mferejini.

"Hata mie nlivitupa," khalati akasema. "Lakini mie nlivitupa kwa kukuamini wewe."

"Basi nisamehe."

Khalati aliacha kukuna. 

"Siku jaruba langu litakapotoa mpunga, njoo. Ntakusamehe dunia na akhera. Leo nikisema nshakusamehe ntakuwa nnasema uongo, na mwezi mtukufu unaingia."

Nilitoka pale na hasira zimenipanda mpaka masikioni. Nilimwambia mama kwamba yule ni mwanamke mwenye roho mbaya, kwamba wote walitupa, kwamba Mungu mwenyewe anasamehe bila masharti ya mpunga. Mama alikuwa anatembea mbele yangu haraka haraka.

"Kasema kweli," akanijibu. "Wale wengine hawakusema."

Nilipomwangalia vizuri niliona hana huzuni. Alikuwa na kitu cha kufanya.

Baada ya sikukuu aliliacha jaruba lake akaingia la shoga yake. Mimi nilikuwa nakwenda kila nilipopata nafasi, natoka kwangu Amani alfajiri, mikono bado inanuka sabuni ya hotelini. Kazi ile sijui niieleze vipi kwa mtu asiyeifanya. Unaingia majini, unalifuata shina kwa mkono mpaka chini, unautafuta mzizi kwa vidole ndani ya tope, unauvuta polepole usikatike, na unakatika. Unarudi kuutafuta uliobaki. Kilichotoka unakitia katika pakacha, ukakipandishe mpaka barabarani kikauke kichomwe, na njiani usidondoshe hata kipande. Jua likipanda maji yanakuwa moto na mgongo hauulizi tena ruhusa ya kuuma. Mashina yale yana makali. Mikono ya mama ilikuwa imechanikachanika, na jioni alikuwa anaitia katika maji ya chumvi bila kutoa sauti.

Khalati alikuwa anafanya upande wa pili wa jaruba. Hakuzungumza naye ila ya kazi. "Hapo bado." "Njoo ushike." Lakini kila siku alikuwa anakuja na mihogo ya kuchemsha ndani ya kikapu, anaiweka juu ya tuta katikati yao, hasemi karibu wala hasemi kula, na mama alikuwa anakwenda kuchukua kipande chake. Walikula wametazama pande mbalimbali. Kwa miezi wanawake wale wawili walikuwa pamoja kuliko walivyowahi kuwa, kila siku, toka asubuhi mpaka adhuhuri, na hawakuwa wanasemezana. Mimi niliona ni adhabu. Nilikuwa siku nyingine namwambia mama hivyo, naye ananiambia nisimame vizuri namtilia kivuli.

Walipandikiza. Mpunga ulishika, ukawa wa kijani kile kibichi, na kwa wiki kadhaa mtu angesema limepona. Kisha katikati ya mistari kikatoka kimwavuli kimoja kidogo, na kingine, na baadaye vikawa havifai tena kung'olewa bila kung'oa mpunga. Mavuno hayakujaza hata kikapu.

Msimu uliofuata walianza upya. Ni wakati huo, nimesimama juu ya tuta la juu nimebeba pakacha, ndipo nilipogeuka nikalitazama jaruba la mama. Hapakuwa na jaruba. Palikuwa na msitu, miavuli imebanana imenizidi kimo, inatikiswa na upepo, na ile iliyozeeka imepinda vichwa mpaka majini. Tulivyokuwa tunang'oa chini, huku juu mwavuli ulikuwa unajipanda wenyewe na kutushushia vichwa kwa maji. Kila siku mama aliyomfanyia kazi shoga yake ilikuwa siku aliyoliacha lake.

Nilimshukia mama nikamwambia.

"Nnajua," akasema. Hakuinua kichwa.

"Unajua toka lini?"

"Mikono ni hii miwili, mwanangu. Lake kwanza."

Nililia pale majini, naona aibu kusema lakini nililia, na sikulia kwa huruma. Nililia kwa ghadhabu. Nikirudi hotelini nilikuwa naukuta mwavuli umesimama katika kibwawa chake, umekatiwa vizuri, wageni wamejipanga mbele yake wanatabasamu. Mara nyingi nimepita pale na ndoo ya maji ya dawa ya kung'arishia mashuka na nikafikiri niimwage. Sikuimwaga. Ule wa kibwawani ukifa, bondeni hakutapungua hata shina moja, na mimi ningekosa kazi iliyobaki kutulisha.

Wanawake wa bondeni walikuwa wanaacha mmoja mmoja. Kamati ya bonde, inayogawa majaruba, haikuwa na haja ya kumnyang'anya mtu jaruba. Watu walikuwa wanarejesha wenyewe. Wengine walirudi kusuka, lakini mikeka ya mwavuli ilikuwa imeshakuwa mingi sana, na ikikaa muda inaingia ukungu, na madukani hawaitaki tena. Mwishowe ukienda asubuhi ulikuwa unawakuta wawili tu, mmoja upande huu na mmoja upande ule, na miavuli imewazunguka.

Siku ya mwisho mimi nilikuwepo, nyumbani kwa mama. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Hodi ikapigwa, na khalati akaingia amevaa buibui lake la kutokea, amejitia udi. Hajapata kuingia nyumba ile toka habari zilipoanza. Mama alitandika upesi, mimi nikateleka chai.

"Shoga," khalati akasema alipokwisha kukaa, "nimekuja kukupa radhi yako."

Mama alibaki na kikombe mkononi.

"Mpunga haujatoka," akasema.

"Hautoki. Mie na wewe twajua hautoki. Jana nlikwenda kwa kamati, nshalirejesha jaruba. Mwanangu wa Makunduchi kaniambia nende nikakae naye, na mchele wananunua dukani, tutakula wa dukani kama watu wote." Aliusogelea mkono wa mama akaushika. "Nshakusamehe, shoga. Dunia na akhera. Kwa moyo mweupe, wallahi, sina kitu. Na wewe nisamehe nilivyokuweka."

Mama alimjibu yanayopasa kujibiwa. Alisema nshakusamehe, alisema Mungu atusamehe sote. Khalati alikunywa chai yake, akaomba na ya pili, akatusimulia habari za mjukuu aliyeota meno ya juu kabla ya chini, na alicheka kicheko chake cha zamani ambacho nilikuwa nimekisahau. Alikuwa mwepesi. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Tulimsindikiza mpaka mlangoni, wakakumbatiana pale, akaondoka.

Mimi nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Niligeuka nikamwambia mama, "Alhamdulillahi. Yamekwisha."

Mama alikuwa amekaa chini, pale pale kizingitini, kanga imemwanguka mabegani. Alikuwa analia. Katika mambo yote yale, jaruba, mfereji, mikono, maneno ya watu, sikuwa nimemwona akilia hata siku moja. Nilichuchumaa mbele yake nikamuuliza kulikoni, si radhi aliyokuwa akiitaka miaka hii yote, si amepewa, si kapewa na kwa moyo mweupe.

"Nlikuwa nnaitaka na mpunga," akasema.  "Alipokuwa kanikasirikia alikuwa bado analima."

Nilikaa naye pale mpaka akanyamaza. Kisha alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akanituma dukani nikanunue mchele, maana ndani ulikuwa umekwisha, na mwezi wenyewe ulikuwa wa mavuno.